Salio Liko Sawa

Nansio, Ukerewe
Jumatatu, 3 Machi 2025

Shemeji Alexander,

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu nimeizima tangu wiki iliyopita, nimeitia kwenye debe la mchele na kufunika. Kila anayepiga ananipa pole, kisha anataka nimweleze upya kaka yako alivyokufa, alianza kuumwa saa ngapi, alisema nini mwisho. Nimeeleza mpaka naona kama nasimulia kifo cha mume wa mtu mwingine. Masalu hakusema kitu mwisho. Aliomba maji, akanywa, akalala. Karatasi hainiulizi, ndiyo maana naandika. Chenge anayepakia mizigo kwenye meli amekubali kunibebea, atakufikishia hapo mezani kwako Mlango Mmoja unapouzia viatu. Na wewe nijibu kwa mkono wake.

Mimi nipo. Silii. Wanawake waliokuwa wanalala hapa wamerudi makwao, mkeka wameukunja na kuuegemeza ukutani. Asubuhi nafagia uani, mchana nafagia tena, katikati ya kufagia ndipo nakumbuka nilishafagia.

Jambo lenyewe ni hili. Ile injini ya boti ambayo Masalu alikuletea mwezi wa kumi na mbili uipeleke kwa fundi, naomba uiuze. Fedha ya kuinunua ilitoka kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu, na baba mkubwa Shigela anajua hilo, hata kama siku hizi anajifanya kasahau. Tarehe 29 ukoo unakutana hapa kuanua matanga. Ulikuwepo siku ya mazishi, ulimsikia: mali ya marehemu haitoki kwenye ukoo, na mjane hatoki na mali, kwa hiyo mali na mjane vyote vitakaa kwa ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu ni wewe peke yako. Aliposema hivyo sikukutazama usoni, na wewe hukunitazama. Nilikushukuru kwa hilo.

Dada yangu Paskazia amenitafutia fremu ya biashara Kisesa, kando ya barabara kuu. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita na amenivumilia mpaka tarehe 20. Siku ya kikao nikiwa na mkataba wa pango mkononi nitasema nina pangu, na sitagawanywa pamoja na vyombo. Nikiwa sina, watanigawa. Sina jingine linalonishughulisha duniani kwa sasa.

Anzia milioni nne, usishuke chini ya tatu na laki nane. Pesa iingie kwenye laini ya Masalu, ile waliyokukabidhi wazee pamoja na namba yake ya siri ulipowekwa kuwa mtunza rambirambi. Humo mna rambirambi milioni moja, laki mbili na elfu sitini, zilisomwa kwenye daftari mbele ya watu, na haziguswi mpaka siku ya kikao. Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi.

Nimekaa kibandani miaka minne, nimeona watu wakilia. Ujumbe si pesa. Yeyote mwenye simu anaweza kukuandikia kwamba umepokea mamilioni. Usimpe mtu injini mpaka umefungua salio kwa kidole chako mwenyewe na umeliona kwa macho yako.

Shemeji yako,
Evelina


Mwanza
Ijumaa, 7 Machi 2025

Shikamoo shemeji,

Chenge alinikuta nabishana na mteja aliyetaka kupunguziwa bei kwa sababu kiatu cha kushoto kimechoka kuliko cha kulia. Nikamwambia basi vaa cha kulia peke yake. Nilipoona bahasha yenye mwandiko wako nikaketi chini. Mara ya mwisho mimi kuandika barua ilikuwa kwa Precious, enzi za kumtongoza, na nilichora na kopa. Hii haina kopa, uniwie radhi.

Injini ipo chumbani kwangu, nimeifunika shuka, wageni wanadhani ni mgonjwa. Fundi alishamaliza kazi. Nimeipiga picha na kuiweka kwenye lile kundi la mtandaoni la kuuza na kununua, lina watu wengi kuliko kata nzima. Nimeandika hivi: "Injini ya boti, nguvu farasi kumi na tano, mwenyewe amefariki, familia inauza haraka, bei ya msiba." Shemeji, simu haikupoa. Wengi ni wababaishaji, mmoja alitaka kubadilishana na pikipiki isiyo na kadi.

Lakini yupo mmoja anaitwa Ndalahwa, ana mitumbwi upande wa Sengerema. Huyu ni mtu mzima mwenye adabu zake. Kabla ya kuuliza bei alinipa pole, akaniuliza jina la marehemu, akatuombea kwenye simu mpaka mwisho, amina. Bei nilimtajia milioni nne, akaomba tatu, laki nane na hamsini, tukamalizana. Hakutaka hata kuijaribu. Watu wa aina hiyo bado wapo.

Kuhusu maneno ya baba mkubwa, mimi na wewe tunajuana. Nyumba yangu ni chumba na sebule. Ningekuweka wapi, juu ya kabati? Usiyabebe hayo maneno kichwani.

Rambirambi zipo salama. Precious anakusalimu, hajambo.

Mdogo wako,
Alexander


Nansio
Jumatatu, 10 Machi 2025

Shemeji Alexander,

Marahaba. Barua yako nilimsomea Paskazia aliyekuja kunitazama, akacheka pale penye kiatu. Mimi nilijua panachekesha.

Nakuomba ulifute lile tangazo. Ulichouza pale si injini, umeuza msiba. Umewaambia watu wote kwamba kuna nyumba imefiwa, ina haraka, na haina mtu wa kuuliza maswali. Tapeli hatafuti mjinga, anatafuta mtu aliyechoka. Huyo Ndalahwa wako amenunua injini asiyoijaribu. Masalu alikuwa hanunui hata nyavu kabla hajazinyoosha barabarani na kuzipitia jicho kwa jicho. Mwenye mitumbwi hanunui injini kwa picha.

Simjui, labda ni mtu mwema. Ila fanya hivi. Mwambie mkutane kwenye kibanda cha wakala, mchana, palipo na watu. Kama ana fedha taslimu, wakala azihesabu na kuziingiza kwenye laini mbele yako. Kama anatuma, ngoja. Akikwambia mtandao unasumbua, ngoja. Akikwambia gari linamwacha, mwache aachwe. Akikwambia ametuma zaidi kwa bahati mbaya na umrudishie kilichozidi, jua umeshapatikana. Yote hayo yanaisha kwa jambo moja dogo, kuangalia salio. Mwizi wa namna hii anaweza kuuandika ujumbe wote, hawezi kuigusa ile namba.

Precious mwezi wake si umeshafika? Kwa hesabu zangu ilikuwa Februari mwishoni au Machi mwanzoni. Umeandika hajambo, na hukusema zaidi. Kama kuna jambo usinifiche kwa sababu ya msiba. Mimi hata nikiambiwa jambo sasa hivi halinifiki mbali.

Mwenye fremu amempigia Paskazia kukumbusha tarehe 20.

Evelina


Mwanza
Ijumaa, 14 Machi 2025

Shikamoo shemeji,

Imekwisha. Naandika mkono ukiwa mwepesi. Ndalahwa alinunua jana. Yeye mwenyewe alibaki Sengerema kwa sababu mkewe anaumwa, akamtuma mtu wake, baba mmoja mwenye koti la mvua, pamoja na guta la kubebea. Hatukwenda kwa wakala maana kufika pale ungehitaji kuivusha injini soko zima, lakini nilikuwa macho. Nilimwambia yule baba kwamba bila pesa kuonekana hapatoki hata boliti. Akacheka, akasema hata yeye angefanya hivyo. Akampigia bosi wake, dakika mbili nyingi ujumbe ukaingia. Nakunakilia kama ulivyo, ili roho yako itulie:

"Umepokea Tsh 3,850,000 kutoka kwa NDALAHWA. Tarehe 13/3/2025, saa 10:42 jioni. Salio lako jipya ni Tsh 3,850,000. Asante kwa kutumia huduma zetu."

Ndipo nikawaachia. Tulishirikiana kuipandisha kwenye guta, ni nzito kama deni. Kabla hujauliza, salio nimeliangalia, liko sawa.

Sasa nangoja agizo lako. Nitumie jina la mwenye fremu na namba yake, nitamtumia hata leo, ikibidi nilale Kisesa nikilinda mlango. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na sisi mahesabu yetu yamekaa vizuri.

Precious hajambo. Tutaongea nikija kwenye kikao.

Alexander


Nansio
Jumapili, 16 Machi 2025

Alexander,

Nimeusoma ujumbe ulionakili mara nyingi. Nimeusoma mezani, nimeusoma uani, nimeutazama kwa mbali.

Kwenye laini kulikuwa na rambirambi milioni moja, laki mbili na elfu sitini. Injini ni milioni tatu, laki nane na hamsini. Zikijumlishwa zinapita milioni tano. Ujumbe unasema salio jipya ni tatu, laki nane na hamsini, kana kwamba laini ilikuwa tupu.

Kama rambirambi zimo, basi huo ujumbe ni wa uongo na injini imeibiwa. Kama ujumbe ni wa kweli, basi rambirambi hazimo. Sioni njia ya tatu, na nimeitafuta.

Umeandika kwamba salio umeliangalia. Sikuulizi kitu. Barua hii ikikufikia, nenda mahali palipotulia, fungua salio, kisha uniandikie namba utakayoiona. Namba tu. Usiniwekee maneno pembeni yake.

Evelina


Mwanza
Jumamosi, 22 Machi 2025

Shemeji,

Shilingi mia tatu.

Uliomba namba tu, na barua yako niliipata Jumatatu. Siku zote hizi nimekuwa nikiandika ile namba peke yake na kuichana karatasi. Nisamehe kwa kuongeza maneno, kwa sababu mia tatu haijielezi.

Precious alijifungua tarehe 19 Februari. Ilibidi afanyiwe upasuaji, na mtoto, ni wa kike, alikaa chumba cha joto siku tisa. Sikuwa na kitu. Baada ya mazishi meza yangu ilikuwa imekaa wiki tatu bila mtu, viatu nilikuwa nimeviuza kwa hasara nipate nauli za ndugu. Nilikuwa nimesimama dirishani hospitali na simu ya kaka iko mfukoni. Nilitoa mara ya kwanza nikasema nitarudisha mwisho wa mwezi. Nikatoa mara ya pili. Mara ya tatu sikusema kitu. Ningekuandikiaje wewe kwamba kwetu kumezaliwa mtu, na fedha ya kaburi ndiyo iliyomlipia? Hata jina hatujampa, tulisema mpaka matanga yaanuliwe.

Sasa la salio. Sikuliangalia. Simu ilikuwa mkononi, yule mwenye koti la mvua anafunga kamba, na kuangalia salio ni kubonyeza tu. Sikubonyeza. Tangu Februari sijawahi kulifungua lile salio kwa sababu nikilifungua nitaona nilichofanya. Nilisoma ujumbe, nikaona milioni tatu, laki nane na hamsini, nikajiambia sawasawa, kwa kuwa nilijua mle ndani hamkuwa na kitu. Ungekuwa wewe ungeshtuka pale pale. Mtu yeyote mwenye rambirambi zake ndani angeshtuka. Mwizi alibahatisha tu tarakimu na mimi nilikuwa nimeshamsafishia njia.

Namba ya Ndalahwa haipatikani. Ujumbe nilipouangalia vizuri haukutoka kwa kampuni, ulitoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Polisi wamenipa namba ya taarifa na wameandika kila kitu. Guta sikulishika namba. Lile koti la mvua nalikumbuka, sura siikumbuki.

Najua tarehe 20 imepita. Tarehe 29 nitakuja Nansio kwa meli ya asubuhi, nitasimama mbele ya baba mkubwa na ukoo mzima, niseme kwa kinywa changu. Usiseme lolote kabla yangu. Hilo ni langu.

Alexander


Nansio
Jumapili, 30 Machi 2025

Alexander,

Meli ya asubuhi ilifika. Nilikuwa nimesimama bandarini tangu haijakata kona. Watu waliteremka, kuku wakateremka, mabati ya mtu yakateremka. Chenge aliniona, akatikisa kichwa. Nikarudi nyumbani kupika, maana wazee walikuwa wameshaanza kufika.

Walikula, wakanyoa vichwa, wakaondoa mkeka. Ndipo baba mkubwa Shigela akafungua daftari la rambirambi na kuuliza mtunzaji yuko wapi. Watu wakanigeukia mimi. Nikasema hivi: injini niliiuza mimi kwenye mtandao, nikaletewa ujumbe wa uongo nikauamini, na rambirambi nilikuagiza mimi unitumie, nazo nikazipoteza mumo humo kwa matapeli hao hao. Nikasema umeshindwa kuja kwa sababu mkeo amejifungua. Hilo la mwisho peke yake ndilo lilikuwa kweli.

Kisha shangazi yenu mmoja akauliza, si huyu ndiye aliyekuwa wakala? Wakacheka, si kwa ubaya, ni ile ya kushangaa. Baba mkubwa akasema mali bila daftari hupotea bila habari, huku daftari lenyewe liko mapajani mwake. Nilikaa nikawaacha wacheke. Miaka minne watu wa Nansio waliniletea simu zao niwasomee ujumbe, na leo hao hao wanaelezana namna ya kuusoma.

Usidhani nilifanya hivyo kwa kukuhurumia. Nimekukasirikia, na ni kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Januari, kwa hiyo nimekitazama kwa makini. Nilifikiri usiku kucha. Kama ningesema wewe ndiye uliyekula rambirambi, wazee wangesema una deni kwa nyumba ya marehemu na huna cha kulilipa. Wangesema basi mchukue mjane, umtunze, deni liishe. Ningekuja kwako nikiwa malipo. Precious angeamka na kovu lake anikute sebuleni. Nikaona afadhali niwe mjinga.

Na ikawa hivyo. Injini ilipokuwepo kila mtu alijua mimi ni wa kukaa wapi. Injini ilipokosekana hakuna aliyeuliza nitalala wapi. Baba mkubwa alisema mwanamke wa namna hii atawamaliza, arudi kwao. Nikaitikia.

Fremu ilipangishwa tarehe 21 kwa mtu wa vipuri. Jumatano naondoka kwenda kwa Paskazia. Nilitaka kutoka hapa na mkataba, natoka na begi. Simu ya Masalu nataka unirudishie pamoja na laini na namba ya siri.

Evelina


Mwanza
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Shikamoo shemeji,

Barua yako niliipata, na Chenge alinisimulia yaliyobaki. Sikuweza kukuandikia mapema.

Siku ile bandarini nilifika. Tiketi nilikata, ninayo mpaka leo. Nilikaa kwenye benchi nikijipanga maneno, wakaita abiria, nikaona wamepanda, nikaona kamba inafunguliwa. Nilikuwa na akili zangu zote. Miguu haikuinuka, na sikuilazimisha.

Simu ya kaka hii hapa, namba ya siri nimeiandika kwenye kikaratasi ndani ya kifuniko, ibadilishe. Nimeuza televisheni na nimeweka humo laki moja na elfu ishirini. Nitaendelea kila mwezi, kidogo kidogo, mpaka nimalize, na sijui nitamaliza lini. Nimemweleza Precious kila kitu. Siku tatu hakusema na mimi, ya nne aliniambia mtoto aitwe Evelina.

Shemeji, nakuuliza jambo moja na sitauliza tena. Umenisamehe?

Alexander


Kisesa
Jumapili, 11 Mei 2025

Shemeji Alexander,

Marahaba. Simu imefika salama, Paskazia ameichaji.

Nimepata kazi kwenye kibanda cha uwakala cha mama mmoja hapa karibu na mnada wa ng'ombe. Nalipwa kwa mwezi. Kibanda kinatazamana na ile fremu, namwona mtu wa vipuri akifungua na kufunga. Mwanzoni nilikuwa nageuza kiti. Siku hizi sigeuzi.

Wiki iliyopita alikuja mzee anaitwa Nkwabi, ana dume lake la ng'ombe amelifunga kwenye nguzo yetu, na wanunuzi wawili wameshaishika kamba. Mnunuzi alimwonyesha ujumbe kwenye simu ya mzee, akamwambia soma, umepokea. Mzee hasomi. Akanipa mimi nimsomee. Niliusoma, ulikuwa umeandikwa vizuri, wenye tarehe na saa na asante. Nikamwambia, mzee, hii ni barua tu, ngoja tuangalie salio. Mnunuzi akasema gari linawaacha. Nikamwambia mzee abonyeze, nikageuka ukutani asije akadhani naiona namba yake ya siri, kisha akanionyesha. Alikuwa na elfu saba. Nilipoinua macho kamba ilikuwa imelala chini na wale wawili hawapo. Mzee hakunishukuru. Aliliangalia lile dume muda mrefu, akalipangusa vumbi mgongoni, na mimi nikalia pale dirishani mbele ya wateja, kilio chote cha Masalu, mpaka mama mwenye kibanda akafunga kwa saa nzima.

Baada ya hapo niliwasha simu ya kaka yako. Ule ujumbe bado umo, sikuufuta. Niliusoma kama wakala. Sikuona ajabu yoyote ambayo wewe usingeweza kuiona, hata namba ya mtumaji iko wazi juu yake. Nimefikiria kwamba huenda mwizi aliutuma kwa watu kumi wiki ile, na tisa wakaukataa kwa sababu salio halikulingana na kilichokuwa kwenye simu zao. Ulikuenea wewe.

Kisha nikafungua salio. Laki moja, elfu ishirini na mia tatu. Ni kama ulivyosema. Nilihesabu muda, inachukua sekunde sita.

Mtoto msimpe jina langu. Mpeni lake mwenyewe, asije akaitwa kila siku kwa kitu ambacho hakukifanya. Mwambie Precious namshukuru, na kwamba akipata nguvu aje naye Kisesa nimwone. Aje mchana, nafunga saa kumi na moja.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Ningeweza kukuandikia ndiyo, na ungeamini, kama mimi nilivyotaka kuamini uliponiandikia kwamba liko sawa. Sijaangalia bado. Siku nikiangalia nitakuandikia nilichokiona, na wewe ungoje mpaka hapo.

Shemeji yako,
Evelina